SOMO: Mfumo wa manunuzi na saraka ya watumiaji, usifungiwe nje

Wakuu, swali la "mfumo wa manunuzi unakataa nywila za watu wote" nimelijibu hadi nimechoka. Naliandika hapa mara moja: jinsi ya kuunganisha mfumo huo na saraka ya watumiaji (orodha kuu ya akaunti na nywila za ofisi). Nikikujibu kwa kiungo tu, usinune.

1. Tumia LDAPS (yaani LDAP, lugha ambayo mifumo huulizia saraka, ikiwa imesimbwa), poti 636. Poti 389 bila usimbaji inapitisha nywila wazi.

2. Weka jina kamili la seva, si anwani ya IP. Jina hilo liwemo kwenye cheti cha seva (kitambulisho chake cha kidijitali).

3. Seva za saraka ziwe mbili au zaidi.

4. Akaunti ya huduma, yaani ile ambayo mfumo wenyewe unaitumia kuingia kwenye saraka. Hapa ndipo nilipoumia. Nilitumia akaunti yangu mwenyewe kwa sababu ya uvivu. Nikabadili nywila, nikaenda kulala. Kila mtu alipojaribu kuingia, mfumo ukawa unabisha hodi na nywila yangu ya zamani mpaka akaunti ikafungwa. Siku hiyo ilikuwa ya kufunga mwezi, na hakuna oda hata moja iliyoidhinishwa. Asubuhi nzima nilihangaika na mtandao, kumbe logi (kumbukumbu za mfumo) imeandika kosa 49, data 775: akaunti imefungwa. (52e ni jina au nywila si sahihi, 532 nywila imeisha muda.) Tengeneza akaunti ya kazi hiyo tu, isome saraka na isiwe na mamlaka ya admin. Nywila ikibadilishwa, ibadilishwe pande zote mbili kwa wakati mmoja. USIIFANYE isiishe muda kisha ukaisahau.

5. Bakiza akaunti moja ya admin ya ndani, isiyotegemea saraka.

6. Kwenye Active Directory (saraka ya Microsoft), mtambue mtumiaji kwa objectGUID (namba ya kipekee ya kila akaunti), si jina la kuingilia.

MASWALI

— Nimefuata yote bado inagoma, nisaidie haraka.
— Logi inasemaje?
— Sijaiangalia.
— Basi tuko sawa, hata mimi sijaiangalia.

— Mkuu, kwa nini objectGUID? Jina halitoshi?
— Umeuliza vizuri. Mtu akibadili jina, mfumo unamwona mgeni na oda zake zinabaki yatima. Kibaya zaidi, akiacha kazi na jina lake la kuingilia wakampa mwajiriwa mpya, huyo mpya anarithi mamlaka ya kuidhinisha malipo. objectGUID haibadiliki hata mtu akihamishwa idara.

— Cheti chetu kiliisha muda, tukazima ukaguzi. Mambo shwari.
— Shwari hadi mtu ajifanye seva yenu akusanye nywila. Washa leo.

— Nyongeza: mnaojiandikia kiunganishi, zuieni nywila tupu. Seva ya LDAP ikipewa jina bila nywila inaweza kujibu "sawa" na kukuhesabu kama asiyejulikana, halafu mfumo unadhani umethibitishwa.
— Asante sana, hii niliisahau kabisa. Iwe hatua ya 7.

— Saa ya seva yetu iko nyuma dakika 7. Inahusika?
— Mkitumia Kerberos (njia ya kuthibitisha watumiaji inayotegemea saa), ndiyo. Kwa kawaida inavumilia 5.
— Aisee. Wiki mbili tumeilaumu faiawoli.