Alama A mbili, hatima mbili: jinsi ya kusoma maoni ya watazamaji kuhusu mwendelezo wa sinema ya kijasusi

Mission: Impossible – Fallout ilitoka 2018, Dead Reckoning ikafuata 2023. Watazamaji wa siku ya kwanza huko Marekani waliipa kila moja alama A. Fallout ikavuna takriban dola milioni 790 duniani kote. Dead Reckoning, iliyogharimu fedha nyingi zaidi kuitengeneza, ikaishia kwenye milioni 570 hivi. Mwenye kutazama alama tu hataelewa kilichotokea, na mwenye kutazama mapato tu atasema ya pili ilikuwa mbovu. Mfululizo huu ni mzuri kujifunzia kusoma maoni: sinema nane kuanzia 1996 hadi 2025, steringi yuleyule, Tom Cruise, na kila mara anaruka kutoka mahali parefu zaidi.

Jua kwanza alama imetoka kwa nani

CinemaScore, kampuni ya Marekani inayowahoji watazamaji, hutoa herufi, kuanzia A+ hadi F. Watu wake husimama kwenye majumba ya sinema siku filamu inapofunguliwa na kugawa kadi: umeipa alama gani, una umri gani, kilichokuleta ni nini. Waliokimbilia ukumbini siku hiyo ni mashabiki. Wamenunua tiketi mapema, wameona matangazo yote, na wengi wameshaamua kuipenda. Kwa hiyo herufi ile inapima kama filamu imetimiza ahadi ya tangazo lake. Kwa sinema ya aina hii, A- ni kawaida, na B ni onyo. Mission: Impossible 2 ya mwaka 2000 ilipata B, na bado iliongoza kwa mapato duniani mwaka ule. Watu walijaa ukumbini, lakini wakatoka wakikuna vichwa. Ukikuta C kwenye mwendelezo wa kijasusi, hata wenye mapenzi wamekasirika, na hao huwa wagumu kukasirika.

Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya filamu, huwachanganya watu kuliko zote. Asilimia yake haikwambii filamu ni nzuri kiasi gani. Inakwambia ni watu wangapi katika mia waliovuka mstari wa "nimependa". Kwa watazamaji, mstari huo ni nyota 3.5 kati ya 5. Piga hesabu. Watu 100 wote wakitoa nyota 3.5, filamu inapata asilimia 100. Filamu nyingine ikipewa nyota 5 na watu 80, na nyota 2 na wale 20 waliobaki, inapata asilimia 80, ingawa wastani wake ni 4.4. Ya kwanza haikumuudhi mtu, ya pili iliwasisimua wengi. Ukifuata asilimia utachagua ile ya kwanza, na huenda ukasinzia katikati.

Kumbuka pia kwamba tangu Mei 2019 tovuti hiyo huweka mbele alama ya watu waliothibitishwa kuwa walinunua tiketi. Hilo lilipunguza wale wanaoponda filamu ambayo hawajaiona. Lakini uthibitisho unapitia wauzaji wa tiketi wa Marekani, hivyo mtazamaji wa Mombasa au Mwanza anaangukia kwenye hesabu ya watazamaji wote, ambayo lazima uifungue mwenyewe. Zifungue zote mbili. Zikiachana kwa alama 5 au chini ya hapo, endelea na mambo mengine. Zikiachana kwa 20, kuna ugomvi, na kazi yako ni kutafuta unahusu nini.

IMDb, tovuti nyingine ya filamu, hutumia wastani uliopimwa kwa namna yake, kuanzia 1 hadi 10. Namba ya siku tatu za mwanzo iache. Subiri mwezi, hadi watazamaji wa kawaida nao wafike. Mission: Impossible 2 imekaa karibu na 6.1, Fallout karibu na 7.7. Kwa kipimo hiki pengo hilo ni kubwa, kwa kuwa sinema nyingi za mapigano hubanana kati ya 6 na 7.

Daftari la maoni 40

Namba zimekwisha, sasa soma maneno. Arobaini yanatosha, ukizidisha utaanza kuona yaleyale yakirudi. Chukua 15 ya siku tatu za mwanzo, 15 yaliyoandikwa baada ya filamu kufika majumbani, na 10 ya waliotoa alama za kati, yaani nyota 3 kati ya 5, au 5 hadi 7 kati ya 10. Haya 10 ndiyo dhahabu. Aliyetoa 10 anashangilia, aliyetoa 1 anatukana, lakini aliyetoa 6 hulazimika kueleza alichopenda na kilichomkera. IMDb inakuruhusu kuchuja maoni kwa alama, basi anza na 6.

Kwa kila oni andika mambo manne tu: tarehe, alipotazamia, tukio alilolitaja kwa jina, na sababu aliyoitoa. Asiyetaja tukio lolote, mruke. "Nzuri sana, nimeipenda" haikusaidii kitu, hata ikija na nyota 5.

Safu ya alipotazamia huonekana ndogo lakini hubeba mengi. Tukio la kuruka na mwavuli kutoka ndegeni katika Fallout, na lile la jengo refu la Burj Khalifa huko Dubai katika Ghost Protocol ya 2011, yalipigwa kwa ajili ya skrini kubwa za IMAX, ambako picha inafunguka juu na chini. Aliyeona Dubai ikining'inia chini ya miguu yake kwenye ukuta mzima hana maoni sawa na aliyeiona kwenye simu akiwa daladalani. Wote wanasema kweli. Ila kama wewe utatazama kwenye televisheni, sikiliza zaidi wale wa televisheni.

Tenganisha sarakasi na hadithi

Hapa ndipo wasomaji wengi wa maoni hujikwaa. Sarakasi za hatari zina tabia ya kumeza alama nzima. Mtu anatoka ukumbini moyo ukimdunda, anatoa nyota 5, na ukimuuliza adui alikuwa anataka nini anashindwa kujibu. Kwa hiyo gawa kila oni mara mbili: amesema nini juu ya vitendo, na amesema nini juu ya kisa. Weka alama ya kujumlisha au kutoa kila upande.

Ukifanya hivyo kwa Mission: Impossible 2 picha inajitokeza haraka. Upande wa vitendo umegawanyika: wapo wanaopenda mwendo wa polepole, njiwa, na pikipiki zinazoparamiana mwishoni, na wapo wanaocheka. Upande wa kisa malalamiko ni yaleyale: mapenzi ya nusu ya kwanza yanakokota, na vinyago vya sura vimetumika mara nyingi hadi hakuna anayeshtuka tena. Kasoro hiyo ya mwisho ni ya kiufundi kabisa. Hila ya kinyago inafanya kazi pale mtazamaji anaposahau kwamba ipo. Ukiitumia mara kwa mara, anaanza kumtilia shaka kila mtu, na kufa kwa yeyote hakumgusi.

Fallout inapata alama ya kujumlisha pande zote, na inafaa kuangalia matukio ambayo watu huyataja. Unategemea waanze na helikopta au kuruka kutoka ndege ya C-17. Wanayataja, ndiyo, lakini pigano la chooni mjini Paris, ambalo halina urefu wowote wala injini yoyote, linatajwa sana. Sababu hurudiwa na wengi: unaona nani yuko wapi, kila pigo lina uzito, na mashujaa wawili wanachakazwa na mtu mmoja. Hii ni kanuni ya kubeba: watazamaji wakitaja pigano dogo kwa furaha ileile wanayotaja sarakasi kubwa, filamu imeshikwa vizuri kote. Wakitaja tukio moja tu, na ni lilelile la kwenye tangazo, punguza matarajio.

Dead Reckoning iliingia kwenye mtego huo kwa namna yake. Kuruka kwa pikipiki kutoka kwenye mlima nchini Norway kulipigwa Septemba 2020, mwanzoni kabisa mwa upigaji picha, na video ya jinsi kulivyofanyika ikatolewa Desemba 2022, miezi saba kabla ya filamu. Kwa hiyo utakuta mtu anaandika "hakikunishtua". Tukio halina kasoro. Alikuwa ameshaliona akiwa kitandani. Tafuta badala yake wanasemaje kuhusu treni inayoanguka behewa moja moja, ambayo ndiyo huwashika wengi bila kujiandaa.

Dosari za kisa katika filamu hiyo ni tatu: adui ni programu ya kompyuta isiyo na uso wa kuchukia, wahusika wanakaa chini kuelezana mambo, na Ilsa, jasusi rafiki wa shujaa, anauawa kwa namna ambayo mashabiki wake hawajaisamehe. Kulikuwa na la nne, kwamba haina mwisho. Hilo lilikuwa na uzito 2023, ilipoitwa Sehemu ya Kwanza. Leo The Final Reckoning ya 2025 ipo, na unaweza kuzitazama zikifuatana, kwa hiyo futa lalamiko hilo kwenye daftari lako. The Final Reckoning yenyewe, yenye karibu saa tatu, hulaumiwa kwa saa yake ya kwanza iliyojaa maelezo na kumbukumbu za filamu zilizopita, kisha husifiwa kwa nyambizi na ndege ndogo za mabawa mawili, ambazo zilipigwa picha Afrika Kusini. Mwenye haraka asianze nayo.

Tahadhari mbili

Kushuka kwa mapato si maoni. Wikendi ya pili Fallout ilishuka kwa asilimia 42 hivi huko Marekani, Dead Reckoning kwa zaidi ya 60. Wengi walisema neno limesambaa kwamba ni mbovu. Angalia kalenda: Dead Reckoning ilifunguliwa Jumatano, 12 Julai 2023, na siku tisa baadaye zikaingia Barbie na Oppenheimer. Oppenheimer ikachukua skrini za IMAX. Filamu ilinyang'anywa viti, na alama A yake ikabaki palepale. Kabla ya kuusoma mteremko, andika filamu zilizofunguliwa wiki ile.

La pili ni mabishano ya "kweli au kompyuta". Anayesema "yote kweli" na anayesema "yote kompyuta" wote wanakosea kidogo. Mlimani Norway mruko ulikuwa wa kweli, lakini njia ya kurukia iliyojengwa ilifunikwa kwa kompyuta ionekane mwamba. Burj Khalifa kamba za usalama zilifutwa. Katika Fallout watu waliruka kweli, tena juu ya Falme za Kiarabu, kisha Paris na radi vikaongezwa chini yao. Oni linalosema "niliona ni bandia" bado lina maana, kwa sababu linakueleza kwamba mahali fulani picha haikumshawishi. Liandike pamoja na jina la tukio. Yakifika matano kwenye tukio moja, hapo pana tatizo. Na kinyume chake: kifundo cha mguu cha Tom Cruise kilichovunjika London mwaka 2017, kikabakizwa ndani ya Fallout, kimeipandishia alama kwa watu wengi. Huruma nayo hupiga kura.

Maoni ya huku kwetu

Kwenye makundi ya WhatsApp na chini ya video, oni huja kwa neno moja: kali, noma, moto, imebuma. Usiliandike bado. Muulize aliyesema maswali matatu.

Ameona kopi gani? Iliyorekodiwa ukumbini kwa kamera ina giza na sauti ya watu, na sinema hizi hupenda kufanya mambo usiku. Malalamiko ya "sikuelewa" mara nyingi huishia hapa.

Ilikuwa imetafsiriwa na DJ? Kwenye kibanda umiza msimuliaji huziba zile dakika za maelezo kwa maneno yake, hutia vichekesho, na adui asiye na uso humpa jina la mtaani. Mtazamaji huyo hawezi kulalamika kwamba maongezi ni marefu, maana hakuyasikia. Oni lake linamhusu msimuliaji nusu, filamu nusu. Kama utatazama kopi hiyohiyo, mwamini kabisa. Kama utatazama ya Kiingereza yenye maandishi chini, liweke kando.

Swali la tatu: ukiacha ile ya kwenye tangazo, sehemu gani ungerudia? Akijibu papo hapo kwa kusimulia, na mikono ikaanza kucheza hewani, mwekee kujumlisha upande wa vitendo, kisha muulize huyo jasusi alikuwa anakimbilia nini. Akisema "aah, we tazama tu", upande wa kisa weka kutoa.