Kununua pikipiki Sauzi na kuileta Dodoma kwa barabara: karatasi na bima, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita nimemaliza kumsindikiza shemeji kutoka Joburg mpaka Tunduma, yeye juu ya pikipiki mimi WhatsApp nikiwa zangu Area C, na maswali yake yote ni yaleyale niliyokosa mtu wa kumuuliza nilipoileta ya kwangu. Naandika hapa ili mwingine akiniuliza nimtumie tu.

Kabla ya yote, pasi ya Tanzania inaingia Sauzi bila viza siku 90, Botswana na Zambia nako hakuna viza. Leseni ndo watu wanasahau. A1 ya bodaboda haitoshi, ukizidi cc 125 unatakiwa daraja A, kabadilishe kabla hujakata tiketi.

HATUA YA 1: Pikipiki yenyewe

Mimi ni mtu wa kabureta na silinda moja, sibadiliki. Suzuki DR650 ndo niliyochukua, injini inapozwa na hewa na oili, haina rejeta ya kutoboka, na fundi yeyote wa Boxer pale Sabasaba akiifungua anaelewa anachokiona hata kama hajawahi kuigusa. Shemeji alitaka ile yenye kompyuta na skrini, nikamwambia sawa, ikizima Mpika kule Zambia katikati ya pori utampigia nani? Akachukua DR. Ubaya wake tenki la kiwandani ni lita 13 tu, kwahiyo beba kidumu.

Ukienda kuiona shika tochi, soma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu halafu namba ya injini, zifananishe na cheti cha usajili ambacho kule kinaitwa RC1. Muuzaji akisema RC1 iko benki maana yake mkopo haujaisha, ondoka.

HATUA YA 2: Namba ya TRN

Mgeni asiye na kitambulisho cha Sauzi hawezi kuandikisha chombo mpaka apate namba ya rejesta ya trafiki, wao wanaita TRN. Fomu ni ANR, unaambatanisha kopi ya pasi iliyothibitishwa, picha ndogo, na uthibitisho wa makazi. Hapo kwenye makazi ndo pagumu maana bili ya umeme haina jina lako. Dawa yake mwenyeji wako aandike kiapo kwamba unakaa kwake, muende wote kituo cha polisi, wanagonga muhuri bure, na kopi za pasi wanathibitisha hapohapo bure pia, usimlipe mtu. Ofisi hazifanani, moja ilimkataa shemeji asubuhi, nyingine mtaa wa pili ikapokea karatasi zilezile mchana. Usikate tiketi ya tarehe ya kubana, hii inaweza kula wiki kadhaa.

HATUA YA 3: Kuandikisha

Pikipiki ya mkononi inatakiwa cheti cha ukaguzi, rodiwethi, kinaishi siku 60 tu kwahiyo usikikate kabla TRN haijatoka. Muuzaji anajaza fomu ya NCO kuonyesha kauza, wewe unajaza fomu ya RLV ya kuandikisha, una siku 21. Na kama pikipiki hairudi tena Sauzi kuna klirensi ya polisi, wanakagua namba zilezile za chesisi na injini.

HATUA YA 4: Bima (hapa soma polepole)

Sauzi hakuna stika ya bima kama ya kwetu. Kila lita ya mafuta unayonunua ina tozo inayoingia kwenye mfuko wa ajali, RAF, na mfuko huo unalipa majeraha ya watu, HAULIPI mali. Ukikwaruza Benzi ya mtu pale Sandton hiyo ni yako na Mungu wako, labda uwe umekata bima binafsi, na kampuni nyingi zinataka kitambulisho cha kule na akaunti ya benki ya kule. Botswana nao wana mfuko wao, mpakani utaona madirisha ya vibali vya barabara, lipa na utunze risiti.

Kuanzia Zambia ndo inaanza kadi ya njano ya COMESA (ule umoja wa soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), na hii ndo unayoitaka. Ni bima ndogo inayovuka mipaka: Zambia, Malawi, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na wengine. Watu wanabisha eti Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, ni kweli ilijitoa, lakini kwenye mpango wa kadi ya njano imo. Sauzi na Botswana hazimo, kwahiyo usihangaike kuitafuta Joburg, utaikata ukivuka daraja la Kazungula kutoka Botswana kuingia Zambia, ndani ya ofisi, sio kwa kishoka anayekukimbilia na kitabu mkononi kabla hujazima injini.

Sasa sikiliza. Kwenye ile kadi kuna orodha ya nchi, na nchi ambazo hujalipia zinachorwa mstari. Mimi karani aliniuliza unaenda wapi, nikajibu kwa furaha kabisa "naenda nyumbani Tanzania", akachora mstari kwenye Tanzania! Sijui aliwaza nini, labda kwamba kwetu nina bima tayari, na mimi nikakunja kadi nikaweka kwenye begi la tenki bila kuisoma. Nikaendesha Zambia nzima. Nafika Tunduma Jumamosi mchana, naulizwa bima, naitoa kwa mbwembwe, yule bwana akaweka kidole kwenye ule mstari akanyamaza. Nikarudi Nakonde, upande wa Zambia, kwa miguu, ofisi imefungwa. Jumatatu wakaniambia hawawezi kurekebisha kadi ya wakala mwingine, na aliyeitoa yuko kule Kazungula, zaidi ya kilomita elfu moja nyuma. Nikakata mpya. Siku mbili za gesti na hela ya kadi mara mbili.

Kwahiyo kabla hujatoka dirishani kagua nchi zako zote hazina mstari, tarehe ya mwisho inavuka siku zako za safari na ziada ya wiki (pikipiki huharibika), jina ni kama kwenye pasi, na chesisi umeisoma herufi kwa herufi ukilinganisha na RC1. Hapo kwenye chesisi kuna siri ndogo: namba ya herufi 17 haitumiagi I, O wala Q, ukiona O kwenye karatasi yako ujue karani kakosea sifuri. Shemeji alikuta O mbili. Kadi ikachapwa upya dakika kumi, mimi huku natamani kulia.

Pia kumbuka hiyo ni bima ndogo. Ukianguka peke yako au ukigonga tembo kule Botswana barabara ya Nata kwenda Kazungula, ambako hata hiyo kadi bado huna, hakuna wa kukulipa. Ile barabara usiku usiguse.

HATUA YA 5: Tunduma

Wewe ni mkazi wa Tanzania, kwahiyo pikipiki ni mzigo wa kuingizwa, sio ya mtalii. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni ukiwa bado Lusaka, mtumie picha za RC1 na risiti ya manunuzi aanze kukokotoa. Maswali ya ushuru muulize yeye, mimi niulize ya kabureta.

Na cheni kaza ukiwa Iringa, kuanzia pale mpaka Mtera sijaona fundi mwenye spana ya kuingia kwenye nati ya nyuma ya DR.