Kupiga Mbizi Palau kwa Kufuata Mwezi na Maji: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wageni wengi ninaowaongoza Palau huwa wamekwisha kununua tiketi kabla ya kutazama jedwali la maji, na hapo ndipo safari inapoanza kuharibika. Wamechagua wiki kwa sababu ya likizo ya kazini au bei ya ndege, kisha wanafika wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, mkondo umelala, papa wamejitenga mbali na ukuta, na mahali walipopatamani kwa miaka panaonekana kama mwamba mwingine wowote. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mpiga mbizi wa pwani yetu, aliyejifunzia Mafia, Pemba, Watamu au Diani. Huyu ana mtaji ambao wageni kutoka mabara hawana: anajua bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, ni nini, na amewahi kusubiri maji yajae ndipo ngalawa ielee. Ujuzi huo ndio utakaomfaa zaidi kuliko kifaa chochote atakachokinunua.

Hatua ya kwanza: Chagua tarehe kwa kutazama mwezi

Palau ni nchi ya visiwa vilivyo magharibi mwa Pasifiki, mashariki ya Ufilipino, na bahari yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama ilivyo kwetu. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji huwa ya bamvua na mikondo hupata nguvu. Katikati yake maji huwa mafu. Jedwali linalotumiwa ni la bandari ya Malakal, iliyo jirani na mji wa Koror, lakini kumbuka kwamba saa ya maji kugeuka kwenye mwamba wa nje hailingani kikamilifu na ile ya bandarini, na nahodha ndiye anayejua tofauti hiyo.

Ikiwa unataka kuona mkusanyiko wa samaki wanaotaga, mwezi unakuwa na uzito zaidi. Pono wakubwa wenye nundu kichwani hukusanyika kwa mamia, siku chache kabla ya mwezi mwandamo, wakapanda pamoja alfajiri na kuachia mayai na manii mpaka maji yanageuka kama maziwa. Changu wekundu hufanya hivyo karibu na mwezi mpevu, huko kusini kuelekea kisiwa cha Peleliu. Kwa hiyo amua kwanza unataka kuona nini, kisha hesabu siku za mwezi, ndipo utafute ndege. Ushauri wangu ni kufika siku tano kabla ya mwandamo au mpevu na kukaa siku nane au tisa, ili uanze na maji mapole na kumalizia na maji yenye nguvu, mwili ukiwa umekwisha kuzoea.

Kuhusu majira, miezi ya Desemba hadi Aprili ndiyo yenye mvua chache zaidi. Upepo wa kipindi hicho hutoka kaskazini-mashariki, sawa na kaskazi yetu, na kwa kuwa sehemu nyingi mashuhuri ziko upande wa kusini-magharibi wa mwamba mkubwa, visiwa vyenyewe huzikinga. Joto la maji hubaki kati ya nyuzi 27 na 30 za Selsiasi mwaka mzima.

Hatua ya pili: Shughulikia njia, vibali na ada

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Utapita Asia, au Guam, na hapa uwe makini: Guam ni eneo la Marekani, kwa hiyo hata anayepita tu anahitaji viza ya Marekani. Raia wa nchi nyingi hupewa ruhusa ya kukaa Palau siku 30 wanapofika. Fedha inayotumika ni dola ya Marekani, na ada ya mazingira ya dola 100 imekwisha kuingizwa ndani ya bei ya tiketi.

Uwanjani ofisa atakugongea mhuri wenye maandishi marefu ndani ya pasipoti na kukutaka utie saini. Utaratibu huo ulianza Desemba 2017. Maneno hayo ni ahadi inayoelekezwa kwa watoto wa Palau, kwamba mgeni atatembea kwa upole, hatachukua asichopewa, na hatadhuru kisichomdhuru. Yasome kabla ya kutia saini. Mimi nimewahi kusimama nyuma ya watu waliosaini huku wakitazama simu, nikasikitika, kwa sababu sheria zilizo nyuma ya maneno hayo ni za kweli na zina adhabu.

Ili uingie kwenye Visiwa vya Miamba, lile eneo la vilima vya chokaa vyenye umbo la uyoga ambalo UNESCO iliingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012, unahitaji kibali cha jimbo la Koror. Kibali cha kawaida kimekuwa dola 50, na kile kinachojumuisha Ziwa la Yavuyavu dola 100, vyote kwa siku 10. Kibebe mwilini kila siku ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa kuwa walinzi husimamisha boti na kukagua.

Hatua ya tatu: Jifunze mkondo kabla hujaondoka nyumbani

Cheti cha ngazi ya kwanza kitakuruhusu kupiga mbizi Palau, lakini hakitakutosha kuifurahia. Nakusihi uwe na mbizi 50 au zaidi, na angalau 10 kati ya hizo ziwe za kuchukuliwa na mkondo. Mahali pazuri pa kufanyia mazoezi hayo ni mlango wa Kinasi katika ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, ambako hupigwa mbizi wakati wa maji kujaa tu, kwa sababu yanapotoka humsukuma mtu kuelekea bahari kuu. Pale jifunze mambo mawili: kushuka upesi bila kuhangaika juu ya maji, na kurusha boya la ishara ukiwa meta tano chini huku ukielea bila kupanda wala kuzama. Rudia la pili mpaka uweze kulifanya ukiwa umechoka.

Hatua ya nne: Andaa vifaa vichache vilivyo sahihi

Suti nyembamba ya milimeta tatu inatosha. Chukua boya lako mwenyewe, kioo kidogo cha kumulikia na filimbi, kwa sababu mkondo unaweza kukupeleka mbali na boti. Kata bima ya kupiga mbizi kabla ya kusafiri.

Mafuta ya kuzuia jua ni jambo linalowakamata wengi. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Palau imepiga marufuku kuuza na kuingiza mafuta yenye kemikali zinazodhuru matumbawe, ikiwamo oksibenzoni na oktinoksati, na chupa ya namna hiyo hunyang'anywa uwanjani. Fulana ya mikono mirefu na kofia hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na hazimwagi kitu baharini.

Kisha nunua kulabu ya mwambani. Ni ndoana butu ya chuma iliyofungwa kwenye kamba ya meta moja na nusu hadi mbili, na upande wa pili wa kamba kuna klipu ya kufungia kwenye pete ya jaketi la kuelea. Waongozaji wa Palau ndio walioeneza matumizi yake. Iviringe kamba vizuri na uifunge kwa mpira kabla ya kuruka majini, maana kamba inayoning'inia hunasa kwenye matumbawe na kuyavunja.

Hatua ya tano: Jifunge kulabu pale Blue Corner

Kutoka Koror boti ya kasi huchukua kama saa moja kasorobo kufika eneo la Ngemelis, ilipo Blue Corner, ikipita katikati ya visiwa vya miamba. Blue Corner ni pembe ya mwamba inayochomoza baharini, yenye uwanda wa juu ulio meta 15 hivi chini ya maji na kuta zinazotumbukia kilindini pande zake. Mkondo unapougonga ukuta hulazimika kupanda, unaleta chakula, samaki wadogo hufuata chakula, na papa wa kijivu hufuata samaki. Maji yakilala, mlolongo wote huo hulala pamoja nayo.

Utashuka kando ya ukuta na kuufuata ukiwa na ukuta upande mmoja, hadi mwongozaji aonyeshe ishara ya kupanda kwenye ukingo. Kaa karibu na mwamba wakati wa kupanda, kwa sababu ukiwa mbali nao mkondo utakupitisha juu ya uwanda kabla hujapata pa kushika.

Sasa tafuta jiwe lililokufa. Jiwe hilo huwa la kijivu au lenye mwani mfupi, halina rangi hai wala vinyweleo, na mara nyingi lina mwanya ambamo kulabu za wengine zimekwisha kukwangua alama. Ingiza ncha ya kulabu kwenye mwanya, ivute mara mbili uhakikishe imeshika, kisha uachie kamba taratibu kupitia kiganjani mpaka ikaze. Tia hewa kidogo kwenye jaketi, pumzi moja au mbili tu, nawe utainuka juu ya mwamba kama tiara iliyoshikwa na uzi. Mapezi yako ya miguuni hayatagusa kitu. Mikono iko huru, pumzi inatulia, na kila kitu kinakuja kwako: kundi la mzia limejipanga kama ukuta wa fedha, kolekole wanapita chini yake, na papa wanasimama katika mkondo bila kutikisa mkia ila kidogo sana. Tangu mwaka 2009 Palau imewalinda papa katika maji yake yote, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, na mtu huiona tofauti kwa jinsi wanavyomkaribia bila woga.

Ukikaa hapo, elekeza uso kwenye mkondo moja kwa moja. Ukigeuza kichwa upande, maji yataingia ndani ya miwani, na mkondo mkali unaweza hata kubonyeza kitufe cha regyuleta, kile kifaa cha kupumulia kilicho mdomoni, na kuifanya imwage hewa. Ukitaka kumtazama mwenzako, inamisha kidevu kwanza, kisha geuka polepole.

Kujifungua ndiko kunakohitaji uangalifu kuliko yote, na ndiko kunakoharakishwa. Mwaka wangu wa kwanza huko nilikuwa na mgeni mzoefu, aliyefungua kulabu kabla ya kutoa hewa kwenye jaketi. Kamba ilimwachia, hewa ikamvuta juu, na kabla sijamfikia alikuwa amepanda meta sita kwa sekunde chache. Nilimshika kwenye pezi na tukaelea pamoja mpaka alipoimwaga hewa yote. Alipona bila madhara, lakini tangu siku ile huwa nawafanyisha wageni wangu mpangilio huu wakiwa ndani ya boti, kwa mikono, mara tatu: toa hewa yote, jivute chini kwa kamba mkono baada ya mkono, gusa kulabu, mtazame mwongozaji, ndipo uifungue. Baada ya hapo acha mkondo ukupitishe juu ya uwanda, rusha boya, na ukamilishe dakika tatu kwenye meta tano kabla ya kupanda.

Hatua ya sita: Panga sehemu nyingine kulingana na maji

Maji yanapojaa, omba kupelekwa German Channel, mfereji uliochimbwa zama za Wajerumani, walewale waliotawala Tanganyika, ili meli zilizobeba fosfati kutoka kisiwa cha Angaur zipate njia. Samaki wa aina ya taa, wale wakubwa waitwao manta, huja hapo kusafishwa na samaki wadogo. Kaa chini kwenye mchanga, mbali na mwamba wa kusafishia, na usiwafuate. Taa akifukuzwa mara moja haji tena siku hiyo. Mlango wa Ulong nao unafaa wakati wa maji kuingia, ambapo mkondo hukubeba ndani ya mfereji na kukupitisha juu ya matumbawe makubwa yaliyojikunja kama kabichi.

Siku za maji mafu usizihesabu kuwa zimepotea. Ndizo siku za kutembelea mabaki ya meli za Kijapani zilizozamishwa katika mashambulizi ya ndege za Marekani ya tarehe 30 na 31 Machi 1944, kama vile Iro, meli ya mafuta iliyosimama wima chini ya bahari ikiwa imefunikwa na chaza. Usichukue kitu chochote humo.

Hatua ya saba: Ogelea Ziwa la Yavuyavu bila mtungi

Ziwa hili liko kisiwa cha Mecherchar, na wenyeji huliita Ongeim'l Tketau. Mitungi hairuhusiwi, kwa sababu viputo huwadhuru yavuyavu, na pia kwa sababu kuanzia kina cha meta 15 hivi maji yana hidrojeni salfaidi, sumu inayopenya hata kwenye ngozi. Yavuyavu hao wa dhahabu hubeba mwani ndani ya miili yao, mwani huo huwalisha kwa nguvu ya jua, na ndiyo maana hulifuata jua kutwa nzima na kukwepa kivuli cha kingoni, ambako kuna anemoni wanaowala. Nenda penye jua. Usipige miguu kwa nguvu. Ukifika katikati yao, tulia na utumie mikono. Ukame wa mwaka 2016 uliwapunguza mno hata ziwa likafungwa kwa muda, kwa hiyo uliza hali yake kabla ya kulipia kibali cha dola 100.

Hatua ya nane: Itumie siku ya mwisho nchi kavu

Acha saa 24 kati ya mbizi ya mwisho na ndege, kwa kuwa naitrojeni inayobaki mwilini baada ya kupiga mbizi huweza kumdhuru anayepanda juu upesi. Saa hizo zipeleke kisiwa kikubwa cha Babeldaob, kwa gari: tembea msituni hadi maporomoko ya Ngardmau, kisha uende kaskazini ukaone nguzo za mawe za Badrulchau. Vilima vya huko usiviogope kwa sababu ya naitrojeni iliyobaki mwilini, kwani kilele cha juu kabisa cha nchi nzima kina meta 242 tu. Kulabu na jaketi viwe vimeanikwa tangu asubuhi, kwa kuwa unyevu wa huko ni mwingi, na si vizuri kupakia kamba ikiwa bado na chumvi.