Nakshi ya karafuu inayojirudia: kutoka tawini hadi kwenye kitambaa na ukutani

Nakshi nyingi za mimea zinazochorwa na wanafunzi huharibika mahali pamoja: ua limechorwa vizuri, lakini nafasi zinazolizunguka hazikufikiriwa. Kigae kimoja, yaani kipande cha mchoro kinachorudiwa, kikiwa kwenye daftari, kasoro haionekani. Panga vigae ishirini kwenye pazia, uone: nafasi tupu zinaungana na kuwa njia zinazokwenda juu hadi chini, na jicho linafuata njia hizo badala ya maua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa ni kazi ya kushughulikia nafasi. Mfano ni karafuu, kwa kuwa iko Unguja na imejaa Pemba. Njia ni ile ile kwa jani la mshelisheli, ua la mlangilangi, mwani au mizizi ya mikoko.

Anza na tawi bichi lililo mbele yako. Picha ya simu inafaa kukumbushia rangi tu, kwa sababu inalaza kila kitu na huwezi kuligeuza jani ukaona mgongo wake. Omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kukata chochote. Karafuu mbichi ina urefu wa kama sentimita moja na nusu hadi mbili. Itazame kwa karibu: kikonyo chembamba, ncha nne zilizosimama juu yake, na katikati ya ncha hizo kijipira kidogo, ambacho ni petali nne zilizofumbana. Ikichanua, petali zinadondoka na kubaki nyuzi nyingi nyembamba zilizotawanyika. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana. Usiyachezee mambo haya mawili, yaani ncha nne kichwani na majani mawili mawili kwenye tawi. Shada linaweza kupindwa, kurefushwa au kupunguzwa, na bado mtu wa Wete, Pemba, atajua ni karafuu. Ukipishanisha majani, atauliza ni mti gani huo.

Chora kwa ukubwa halisi shada kwa ubavu, shada kutoka juu, karafuu moja peke yake, jani mbele na nyuma, na ua lililochanua. Ua hilo lina kazi kulipata, maana wachumaji huchuma kabla halijafunguka. Litafute kwenye matawi ya juu yaliyoachwa. Rangi zichukue humo humo: kijani kizito cha jani pevu, wekundu wa jani changa, waridi ya karafuu iliyokomaa, na hudhurungi ya karafuu kavu iliyoanikwa jamvini. Rangi hizo nne zinatosha kabisa.

Sasa weka karatasi ya kunakilia juu ya michoro, unakili maumbo na upunguze mistari. Jaza kila umbo kwa wino mweusi, libandike ukutani, urudi nyuma hatua nne. Kama halitambuliki, mistari ya ndani haitaliokoa. Rekebisha umbo la nje kwanza.

Kutengeneza kigae

Unahitaji karatasi nene ya sentimita 20 kwa 20, rula ya chuma, wembe na selotepu. Mkasi uache, kwa sababu hukata kwa kuyumba na ncha hazitakutana.

1. Nyuma ya karatasi andika A, B, C na D kwenye robo nne, ili ujue kila kipande kilitoka wapi.
2. Mbele, chora mashada makubwa katikati. Acha sentimita mbili hadi tatu kila upande bila kitu.
3. Kata katikati kwa mlalo. Kipande cha juu kipeleke chini, cha chini kije juu. Bandika selotepu kwa nyuma. Ule ukingo mtupu sasa uko katikati ya karatasi, ujaze.
4. Kata katikati kwa wima, badilisha kushoto na kulia, bandika, jaza tena.

Hapo una kigae kinachojirudia kwa safu zilizonyooka. Kwa mimea, safu za kunyooka mara nyingi huonekana ngumu, kama maua yamepangwa foleni. Afadhali ushushe nusu. Katika hatua ya nne, kipande kilichokuwa kushoto ukishakipeleka kulia, kishushe sentimita 10, yaani nusu ya urefu wa kigae. Kile kilichotokeza chini kikate ukirudishe juu ya kipande hicho hicho. Kisha bandika na ujaze mshono. Wakati wa kupanga, kila safu wima itashuka sentimita 10 kuliko jirani yake, na jicho litapata shida kugundua kigae kinaanzia wapi.

Baada ya kukata, usiguse tena kingo za nje. Jani likiongezwa pembeni bila mwenzake wa upande wa pili, litakatika katikati ya kitambaa.

Toa fotokopi tisa, uzipange tatu kwa tatu. Hakikisha mashine iko kwenye asilimia 100, kwani nyingine hupunguza kidogo bila kusema na utalaumu mchoro wako bure. Tazama kutoka mita tatu huku umefumba macho nusu. Ukiona njia za wima, mashada yote yameelekea upande mmoja. Geuza moja au mawili. Ukiona mashimo, usiyajaze kwa ua jingine dogo, kwani litakuwa doa linalojirudia. Refusha jani la jirani liingie kwenye shimo. Ukiona madoa meusi kwa mpangilio, kuna sehemu moja yenye wino mwingi kuliko nyingine. Halafu piga picha ya nakshi yenye rangi kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Karafuu zikizama kwenye majani, rangi zako zinatofautiana kwa jina lakini si kwa uzito.

Kwenye kompyuta, skani kwa nukta 300 kwa inchi; kigae cha sentimita 20 kitakuwa na pikseli 2,362 kila upande. Namba igawike kwa mbili, la sivyo utabaki na mstari wa pikseli moja kwenye mshono. Iweke karatasi sawasawa kwenye skana, maana ukiizungusha baadaye kingo hufifia na mstari mweupe hutokea kila vigae vinapokutana. Katika Krita, ambayo ni programu ya kuchorea, bonyeza W na kigae kitajirudia pande zote huku unachora. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, Shift+Ctrl+O hufungua dirisha la Offset; chagua humo kusogeza picha kwa nusu, na mshono utakuja katikati uurekebishe.

Kwenye kitambaa

Kwa uchapaji wa wavu, yaani kusukuma rangi kupitia wavu uliokazwa kwenye fremu, bafta nyeupe inatosha. Ifue kwanza kwa maji moto na sabuni ili wanga utoke. Rangi ikikaa juu ya wanga huondoka na fuo la kwanza. Kila rangi ina wavu wake. Anza na nyepesi, malizia na nzito, na rangi nzito iipande nyepesi kwa kama milimita moja, vinginevyo kitambaa kikisogea kidogo utaona upenyo mweupe. Nyuzi za ua la karafuu ndizo hutesa hapa: mstari chini ya nusu milimita huziba, hivyo zichore chache kwa unene wa milimita moja.

Alama za kusimamisha fremu ziweke zote kwenye ukingo wa meza kabla ya kuanza, kila sentimita 20, ukipima kutoka sehemu moja. Ukipima kila mara kutoka chapa iliyopita, kosa la milimita moja huwa sentimita nzima kwenye chapa ya kumi. Chapa kigae kimoja, ruka kimoja. Vikikauka rudi ujaze vilivyorukwa, maana wino mbichi hushika chini ya fremu. Feni izimwe, kwani upepo hukausha wino ndani ya wavu. Mwisho piga pasi kavu kwa dakika tatu hadi tano kila sehemu, au kama kopo la rangi linavyoelekeza.

Kwa mshonaji, nakshi inayotazama juu tu hula kitambaa zaidi, kwa sababu vipande haviwezi kugeuzwa. Kwa dera, changanya mielekeo.

Kanga ina hesabu yake. Mji, yaani sehemu ya katikati, hauhitaji kigae, ila pindo linakihitaji. Kwa kanga ya sentimita 150 kwa 110 yenye pindo la sentimita 10, kati ya kona na kona kunabaki 130 na 90. Kigae cha sentimita 10 kinaingia mara 13 na mara 9 bila kukatwa. Kona chora peke yake, karafuu ikielekea mshazari, na acha nafasi ya jina mapema.

Ukutani

Roli nyingi za karatasi za ukutani za vipimo vya Ulaya zina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05. Kigae cha 20 hakigawi 53, kwa hiyo kikuze hadi 26.5 ili viingie viwili kamili. Urefu nao una gharama yake: ukuta wa mita 2.4 ukiongeza sentimita 10 za kukata, roli isiyohitaji kulinganishwa hutoa vipande vinne. Nakshi inayojirudia kila sentimita 64 hulazimu kipande cha mita 2.56, na roli hiyo hiyo hutoa vitatu tu.

Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazopitisha unyevu. Karatasi iliyogundishwa juu yake, hasa yenye plastiki, huvimba na kuota ukungu. Humo chapa nakshi kwenye kitambaa ukivute juu ya fremu ya mbao, kikae sentimita mbili hadi tatu mbali na ukuta hewa ipite. Kwa kigae cha sentimita 20 kilichoshushwa nusu, fremu ya 80 kwa 120 inachukua safu wima nne kamili, ingawa safu zilizoshuka zitaanza na kuishia kwa nusu kigae. Kitambaa kikate 90 kwa 130 upate sentimita tano za kukunja kila upande.