Jinsi ya kuifanya boti nzito ya weikibodi ichomoke haraka

Boti ya kuvuta wachezaji wa weikibodi (kuteleza juu ya ubao ukivutwa kwa kamba) na weikisefu (kuteleza kwenye wimbi la boti lenyewe) huundwa ikae chini majini, maana tumbo lililozama ndilo linalosukuma maji mengi na kuacha wimbi refu nyuma. Taabu yake huonekana wakati wa kuondoka: omo, yaani mbele ya boti, inapanda hadi nahodha haoni mbele, tezi, yaani nyuma yake, inazama, injini inanguruma na boti haisongi. Jaza matangi ya farumi, yaani maji ya kuongeza uzito, lita 1,200, yaani kilo 1,200 za maji, kisha pakia watu wanane wa kilo 75. Hapo umeongeza tani 1.8 juu ya chombo ambacho chenyewe kinaweza kuwa na tani mbili na nusu tu. Propela iliyochaguliwa kwa boti nyepesi hailimudu pigo hilo.

Wengi hukimbilia kuwaza injini kubwa. Mara nyingi injini iliyopo inatosha kabisa, ila inazuiwa isifike kwenye mizunguko yenye nguvu yake. Kwa hiyo anza na kipimo kabla ya kushika spana.

Pakia boti kama unavyoitumia siku ya mchezo: farumi kamili, watu wale wale, tangi la mafuta nusu. Ikiwa kwenye gia na mwendo wa chini kabisa, sukuma wenzo wa mafuta hadi mwisho na uhesabu sekunde hadi kilomita 35 kwa saa kwa weikibodi, au 18 kwa weikisefu. Tumia GPS, hata ya simu. Rudia mara tatu kila upande, ili upepo na mkondo visikudanganye. Kisha acha boti ifike kasi yake ya mwisho na usome mizunguko ya injini kwa dakika. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini. Kitabu kikisema 5,000 hadi 5,400 na wewe unaishia 4,700, injini inalemewa. Kati ya vipimo vyote, namba hii ndiyo ya kuilinda kwenye daftari.

Kabla ya kulaumu propela, ondoa vinavyoiba nguvu bure. Tazama ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti: maji yaliyosahaulika humo ni farumi usiyoihitaji. Sugua tumbo la boti, kwani utelezi wa mwani unatosha kuifanya iwe nzito. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja asukume wenzo hadi mwisho na mwingine aangalie kama kebo inafungua mlango wa hewa wote. Kebo iliyolegea huacha sehemu imefungwa na hakuna anayejua. Badilisha filta ya mafuta na plagi zilizochoka. Oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kugonga, nayo ina neno lake. Mafuta ya oktani ndogo kuliko ile injini inayotaka huifanya igonge, kompyuta ikarudisha nyuma muda wa cheche, na nguvu ikapungua pale pale boti inapoihitaji zaidi.

Baada ya hapo, uzito. Boti iliyolemewa tezi lazima iupande mlima wa maji inayoutengeneza yenyewe. Jaza tangi la omo kwanza, yale ya tezi yafuate, na kabla ya kuondoka hamisha watu wawili au watatu mbele. Wakishapita kwenye mwinuko huo wanaweza kurudi. Kama boti ina bamba la kurekebisha nyuma, lishushe wakati wa kuondoka ili linyanyue tezi, halafu lipandishe boti ikishatulia juu ya maji. Bawa linalozamishwa nyuma, kama lile la Malibu, hufanya kazi kinyume: huivuta tezi chini ili wimbi likue. Likiwa limewekwa kuvuta tangu mwanzo, unapigana nalo. Angalia tu usizidishe mbele, kwa sababu omo nzito huingiza maji ukipunguza mwendo ghafla na wimbi lako likakufikia. Na jumla ya watu, farumi na mizigo isipite kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji.

Sasa propela. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu ndani ya ubao. Pichi kubwa ni kama gia ya juu ya gari: nzuri barabara ikinyooka, mateso kwenye mlima. Kila inchi moja unayopunguza huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200 mwishoni. Kwa mfano wetu wa 4,700, tukitaka 5,000 au zaidi kidogo tukiwa tumejaza, tunashuka inchi mbili, tuseme kutoka 15 hadi 13.

Hasara yake ni ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Giaboksi ya 1.46:1 (injini mizunguko 1.46, propela mmoja) ikiwa na injini kwenye 5,100, propela inazunguka kama mara 3,490 kwa dakika. Zidisha kwa inchi 13, ambazo ni mita 0.33, upate karibu kilomita 69 kwa saa. Ondoa robo kwa ajili ya kuteleza kwa propela, zinabaki kama 52. Weikibodi huchezwa kwenye 35 hadi 39, kwa hiyo kasi inayopotea juu hakuna mchezaji atakayeililia. Ila boti ikiwa tupu, propela hiyo inaweza kuipeleka injini kupita kiwango chake. Usishikilie wenzo mwisho.

Mapanga manne hushika maji vizuri zaidi ya matatu boti ikiwa nzito na mwendo mdogo. Mkunjo mdogo kwenye ukingo wa panga nao huongeza mshiko, lakini hula mizunguko kama vile umeongeza pichi. Usikurupukie kipenyo kikubwa bila kupima nafasi kati ya ncha za mapanga na tumbo la boti: iwe angalau asilimia 10 hadi 15 ya kipenyo, la sivyo mtetemo utakufukuza. Soma pia kwenye kitovu kama yako inazunguka kulia au kushoto. Kwenye maziwa ya milimani, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo pichi ishuke zaidi.

Kuibadilisha kunahitaji utulivu. Boti iwe kwenye trela, ufunguo mfukoni, betri imekatwa. Chomoa pini, legeza nati, lakini iache imeshika mizunguko michache kwenye shafti. Propela ikiachia chini ya kivutio, kifaa cha kuichomoa, huruka kwa nguvu, na nati ndiyo itakayoidaka. Usiitoe kwa nyundo. Safisha shafti pale inapochongoka. Sukuma propela mpya bila ile kii ndogo ya chuma inayoishikanisha na shafti, kisha chora alama kwenye shafti pale kitovu kilipoishia. Itoe, weka kii, irudishe. Isipofika kwenye alama, kii imeinuka kwenye mfereji wake na propela haijakaa sawa. Ukiikaza hivyo itatetemeka na kitovu kinaweza kupasuka. Ikifika, kaza kwa kipimo cha mtengenezaji na uweke pini mpya.

Rudi majini urudie kipimo kile kile. Mizunguko ikiwa imefika na bado boti inachelewa kuinuka, tatizo limebaki kwenye uzito wa nyuma. Mizunguko isipopanda kabisa, pima mgandamizo wa silinda: tofauti ikizidi asilimia 15 kati ya moja na nyingine, injini yenyewe inahitaji fundi. Baada ya siku ya kwanza, iondoe boti majini ukague nati na pini tena.