Kubuni amplifaya ya nguvu ya redio: anza na mzigo, rudi nyuma

Anayejenga amplifaya ya nguvu kwa mara ya kwanza mara nyingi huanzia kwenye geti, mguu wa transista unaopokea ishara. Anatafuta ishara kubwa, anaitia kwenye transista, kisha anashangaa mbona wati hazitoki. Mimi huanzia mwisho wa pili, kwenye antena, na kurudi nyuma mpaka nifike kwenye geti. Transista hutoa nguvu ile tu ambayo mzigo wake unairuhusu, hata uisukume vipi.

Tutajenga amplifaya ya wati 5 na kidogo kwenye megahezi 7.1, bendi ya mita 40 ya redio za ridhaa, kwa umeme wa volti 13.8 na transista moja ya IRF510. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya kuwasha na kuzima mikondo, si kwa redio, lakini kwenye masafa haya inafanya kazi vizuri, na inavumilia volti 100 kati ya dreni na sosi, miguu miwili ambayo mkondo mkuu hupitia. Majaribio yote yafanye kwenye mzigo bandia, yaani rezista zinazoshika nafasi ya antena. Kwenda hewani kunahitaji leseni.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo

Shuleni tulifundishwa kwamba nguvu kubwa kabisa hupita pale ukinzani wa chanzo unapolingana na wa mzigo. Kwa ishara ndogo ni sawa. Kwenye amplifaya ya nguvu kanuni hiyo inapotosha, kwa sababu kinachotubana ni volti za umeme tulizonazo. Dreni inaweza kushuka hadi karibu na sifuri na kupanda hadi karibu mara mbili ya volti za umeme, basi. Kwa hiyo mzigo unaotakiwa (R kwa omu, V kwa volti, P kwa wati) ni:

R = V² ÷ (2 × P)

Kati ya volti 13.8, toa 1.8 ambazo transista haiwezi kuzitumia; zinabaki 12. Kwa wati 5, R ni 144 ÷ 10, yaani omu 14.4. Antena yetu ni omu 50. Transfoma inayozidisha volti mara mbili hugawanya ukinzani kwa nne, kwa hiyo dreni itaona omu 12.5. Geuza hesabu: 144 ÷ 25 ni wati 5.76. Tunaichukua hiyo. Kilele cha mkondo ni 12 ÷ 12.5, yaani ampea 0.96.

Sasa jaribu kuiunganisha dreni moja kwa moja na omu 50: 144 ÷ 100 ni wati 1.44. Hapo utaongeza ishara ya kuingia mpaka transista iungue, na hutapata zaidi ya hapo bila kuharibu umbo la wimbi. Ikumbuke namba hiyo, tutakutana nayo tena.

Hatua ya 2: Choki na transfoma ya kutokea

Umeme wa dreni upitishe kwenye choki, koili inayopitisha umeme lakini inazuia ishara ya redio: mizunguko 5 kwenye pete ya feraiti ya FT50-43. Hiyo ni takribani mikrohenri 11, karibu omu 490 kwenye masafa yetu, kubwa mno kuliko 12.5 na ndivyo tunavyotaka. Usishawishike kuongeza mizunguko ukidhani unaiboresha. Mkondo wa moja kwa moja unaopita humo unakaribia ampea 0.8, na kila mzunguko unaongeza sumaku ndani ya feraiti. Ukifika minane umeshakaribia ukomo wake, na feraiti iliyoshiba haizuii tena chochote.

Kwa sababu hiyo hiyo transfoma naitenga na mkondo wa moja kwa moja kwa kapasita ya nanofaradi 100. Sokota nyaya mbili pamoja, zungusha mara 8 kwenye pete nyingine ya FT50-43. Mwanzo wa waya wa kwanza unakwenda graundi. Mwisho wake unaungana na mwanzo wa waya wa pili, na kwenye kiungo hicho ndipo inapoingia kapasita ya kutoka dreni. Mwisho wa waya wa pili ndio tokeo. Kabla ya kulehemu, tumia multimita kuhakikisha ncha zipi ni za waya upi. Ukiugeuza waya wa pili, volti zake zitafuta za wa kwanza na utapata sifuri.

Hatua ya 3: Bayasi

Hapa ndipo transista nyingi zinapokufa, kwa hiyo twende taratibu.

Bayasi ni volti tunazoliwekea geti hata pasipo ishara. Tunataka daraja AB, ambapo transista inapitisha mkondo mdogo hata pasipo ishara, ili sauti isikwaruze. (Daraja E, lililoelezwa na Nathan Sokal na Alan Sokal mwaka 1975, lina ufanisi mkubwa zaidi, lakini peke yake linafaa telegrafu, si sauti ya SSB, mtindo wa kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi.) Tumia regyuleta ya volti 5, potenshiomita ya kilo-omu 5, na rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye mguu wa kati wa potenshiomita hadi graundi. Rezista hiyo usiiache. Niliwahi kuunguza transista kwa sababu mguu wa kati wa potenshiomita kuukuu uliachia. Geti lisilo na njia ya kwenda graundi hushika chaji yake, na transista ikabaki wazi huku umeme wote ukiipitia. Kwa rezista hiyo, mguu ukiachia, geti linashuka na transista inazima.

Weka kikomo cha mkondo kwenye chanzo cha umeme kiwe miliampea 200, potenshiomita iwe chini kabisa, kisha washa. Zungusha polepole sana. Volti 2, ammita haijatikisika. Volti 3, bado. Mahali fulani, mara nyingi kati ya 3 na 4, mshale unaamka. Kutoka hapo mguso mdogo tu wa bisibisi unaupeleka kutoka miliampea 20 hadi 80. Simama kwenye 100. Sasa iache dakika tano, halafu soma tena.

Utaona mkondo umepanda. Wapo wanaosema MOSFET, aina ya transista kama hii yetu, haiwezi kukimbiwa na joto, na wanaosema hivyo wanafikiria mikondo mikubwa. Kwenye mkondo mdogo kama wa bayasi yetu, joto linashusha volti ambayo transista inaanzia kupitisha, mkondo unapanda, joto linaongezeka. Weka diodi mbili za kawaida kwa mfululizo kati ya mguu wa chini wa potenshiomita na graundi, zikigusa bati la kupoozea. Kila diodi hupunguza takribani milivolti 2 kwa kila digrii inayopanda, na hivyo bayasi inavutwa chini pamoja na joto. Ukishaziweka, anza tena upya kutoka chini.

Hatua ya 4: Upande wa kuingilia

Transfoma kama ile ya hatua ya 2, ila imegeuzwa: omu 50 zinakuwa 12.5. Itenge na geti kwa kapasita ya nanofaradi 100, kisha weka rezista ya omu 12 kwenye geti. Mguu wa pili wa rezista hiyo upokee volti za bayasi, na kapasita ya nanofaradi 100 iupeleke graundi kwa ishara ya redio. Geti lina pikofaradi 180 hivi kwenye karatasi za mtengenezaji, na zaidi pale linapofanya kazi. Kando ya omu 12 halitusumbui sana. Wati 0.25 zinatosha kuisukuma.

Hatua ya 5: Joto

Kwa ufanisi wa asilimia 55, wati 5.76 zinahitaji wati 10.5 za umeme. Wati 4.7 zinabaki kuwa joto. Transista yenyewe ina digrii 3.5 kwa wati, karatasi ya mika ya kuitenga na bati 1, bati la kupoozea 8: jumla 12.5 × 4.7, karibu digrii 59 juu ya hewa. Iko salama. Mika ni lazima, kwa kuwa mgongo wa IRF510 ndio dreni.

Hatua ya 6: Kichujio

Bila kichujio unarusha pia kwenye megahezi 14 na 21, juu ya mawasiliano ya watu wengine. Harmoniki ya pili (wimbi la masafa mara mbili) ya saketi kama hii naikadiria kuwa desibeli 20 chini ya wimbi kuu, na lengo ni 50. Kichujio cha Butterworth cha vipande vitano kinachokata megahezi 8.5 kinatoa desibeli 22 tu kwenye 14. Hakitoshi. Cha vipande saba kinatoa 30:

C1 na C7: pikofaradi 167
C3 na C5: pikofaradi 675
L2 na L6: mikrohenri 1.17 (mizunguko 15 kwenye T50-2)
L4: mikrohenri 1.87 (mizunguko 20 kwenye T50-2)

Kapasita (C) ziwe za C0G, kauri isiyohama thamani, au mika. Za kawaida za kauri zitapata moto na kuhama thamani. Koili (L), za pete ya T50-2, unaweza kuzirekebisha kwa kubana au kutawanya mizunguko.

Hatua ya 7: Washa

Mzigo bandia: rezista nne za omu 200, wati 2 kila moja, sambamba. Zisiwe za waya uliozungushwa, maana hizo ni koili. Kwanza washa bila ishara na uangalie tokeo kwa osiloskopu. Ukiona wimbi lolote, amplifaya inajitetemesha: fupisha mguu wa sosi, ongeza rezista ya omu 4.7 mfululizo na geti, na kwenye njia ya umeme weka kapasita za nanofaradi 10, nanofaradi 100 na mikrofaradi 10 pamoja.

Kukiwa kimya, pandisha kikomo cha mkondo hadi ampea 1.2 na ingiza ishara kidogo kidogo. Soma volti kutoka bonde hadi kilele, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, gawanya kwa 400. Kichujio kinakula kidogo, kwa hiyo volti 46 ndizo tunazotafuta: wati 5.3. Ukikwama kwenye 23 hivi, hiyo ni ile wati 1.44 ya hatua ya kwanza ikiwa imepungua kwenye kichujio. Usiongeze ishara. Zima, fuata nyaya za transfoma kwa kidole, utakuta tokeo umelichukua kwenye kiungo badala ya mwisho wa waya wa pili.