Kuendesha Pampu ya Maji kwa Python na Raspberry Pi

Nyumba nyingi za Unguja zina tangi la akiba chini, linalojaa pale maji ya bomba yanapotoka, na jingine juu ya paa linalojazwa kwa pampu. Kazi ya kuiwasha na kuizima pampu hiyo inaweza kukabidhiwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye programu fupi ya lugha ya Python. Sharti moja litawale kila uamuzi: likitokea lolote, waya ukikatika au programu ikifa, pampu izime.

Pini za ubao huo za kuamrisha vifaa, ziitwazo GPIO, hutoa volti 3.3 na mkondo usiozidi miliampea 16 kila moja, kiasi kisichotosha hata koili ya rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Kwa hiyo tumia ubao wa rilei wenye transista yake, unaowaka pini inapopewa volti 3.3. Maktaba ya gpiozero, ambayo Python huitumia kuamrisha pini hizo, hufuata namba za GPIO, si mpangilio wa pini kwenye ubao. GPIO 17 ni pini ya 11. Kompyuta inapoanza kuwaka, GPIO 9 hadi 27 huvutwa chini kuelekea volti sifuri, hivyo rilei iliyofungwa hapo hubaki imezimwa mpaka programu itoe amri.

Rilei hiyo ndogo isipitishe umeme wa pampu, kwani mota huvuta mkondo mkubwa sana inapoanza kuzunguka. Rilei iwashe kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, na kontakta ndiyo ipitishe volti 230; upande huo afunge fundi umeme mwenye ujuzi, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Sehemu inayostahili kufikiriwa zaidi ni maboya, yaani swichi zinazoelea majini, moja katika kila tangi. Watu wengi huweka boya la juu lifunge saketi, yaani liunganishe njia ya umeme, tangi linapojaa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu waya ukikatika programu itaamini daima kwamba tangi halijajaa. Ligeuze: saketi iwe imefungwa wakati tangi lina nafasi, ifunguke linapojaa. La chini nalo lifunge saketi pale tu maji yapo, ili pampu isizunguke kavu. Mfumo ukiwa hivyo, waya uliokatika huleta habari ile ile ya tangi lililojaa au maji yaliyokwisha, na pampu husimama. Kwetu pwani jambo hili si la nadharia: hewa ya chumvi hula viungo vya shaba, basi vitie solda na uvifunike visipate unyevu.

Kila boya liunganishwe baina ya pini yake na pini ya ardhi, kisha andika:

from gpiozero import OutputDevice, Button
from time import sleep

pampu = OutputDevice(17)
juu_nafasi = Button(27)
chini_maji = Button(22)

while True:
    if juu_nafasi.is_pressed and chini_maji.is_pressed:
        pampu.on()
    else:
        pampu.off()
    sleep(1)

Huu ni msingi tu. Ongeza kikomo cha muda: pima tangi linachukua dakika ngapi kujaa, zidisha kidogo, na programu izime pampu muda huo ukipita, kwani boya lililokwama halitatoa taarifa yoyote. Ongeza pia dakika chache za kusubiri kabla ya kuwasha tena, maana mawimbi madogo ya maji hulichezesha boya na kontakta ikachakaa.

Programu iendeshwe na systemd, msimamizi wa programu ndani ya Linux, kwa agizo la Restart=always, linaloianzisha upya kila inapokufa. Ikiuawa ghafla, pini inaweza kubaki imewaka, lakini ikianzishwa upya mstari wa OutputDevice huizima kwanza. Ubao wenyewe ukiganda, kipima-uhai (watchdog) kilichomo ndani yake, ukikiwezesha, huuwasha upya.

Kabla ya kufunga pampu, weka taa mahali pake. Ikiwa inawaka, chomoa waya wa boya moja, kisha wa pili, kisha iue programu ghafla kwa amri ya kill -9, na usiendelee mpaka taa izime kila mara.